Mkono kwanza, picha baadaye

Mama mmoja wa Mbale anauliza: "Ninawasomesha wanangu watatu nyumbani. Wana miaka 5, 8 na 11. Nimeandika orodha ya wasanii 30 mashuhuri, na kila Ijumaa nawachapishia picha moja ya mistari mitupu waijaze kwa kalamu za rangi huku nikiwasomea maisha ya msanii. Tumefanya Mona Lisa, tumefanya Van Gogh, na tayari wamechoka. Mkubwa anasema hajui kuchora, hataki tena. Rangi za dukani nazo ni ghali. Nianzie wapi, na wasanii gani watawafaa?"

Mama, kilichowachosha wanao ni kujaza mistari iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Kwenye karatasi ile hakuna uamuzi uliobaki isipokuwa kuchagua kalamu ya rangi gani, na mtoto wa miaka 11 huling'amua hilo upesi. Mona Lisa nayo ni mahali pagumu mno pa kuanzia. Mchoraji wake, Leonardo da Vinci, aliipaka kwa rangi ya mafuta kwenye ubao wa mti wa popla, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, hadi ukingo wa mdomo na wa jicho ukayeyukia kivulini. Kalamu ya nta haifanyi hivyo hata ikishikwa na Leonardo mwenyewe. Mtoto anaondoka na jina na tabasamu, basi.

Geuza mpangilio. Karibu kila msanii unayemtaja alikuwa na kikwazo cha mkono: ubao wa aina fulani, rangi iliyopatikana, mwili uliogoma, kazi iliyopita mikononi mwa watu wanne. Mpe mtoto kikwazo kilekile bila kumtajia jina la mtu. Apambane nacho siku mbili. Siku ya tatu ndipo utoe picha. Hapo ataitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, na utamsikia akiuliza "huyu alifanyaje hapa?" Swali hilo halitoki kwa mtoto aliyeanza kwa kuonyeshwa picha.

Na orodha ya 30 ipunguze iwe sita kwa mwaka, wiki tatu au nne kila mmoja. Tutakupa sita zetu, ila kwanza rangi.

Nunua rangi za maji za shule za makopo, lakini tatu tu: nyekundu, njano na buluu. Nyeupe ichukue kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nusu lita ya rangi ya maji ya ukutani, nayo itakaa miezi. Wengi hujaribu kubana matumizi kwa kutia rangi ya kukoleza ndani ya hiyo nyeupe ili wapate rangi zote, wakashangaa nyekundu imekuwa waridi na buluu imekuwa ya anga. Nyeupe huipoza kila rangi unayoitia. Itumie kwa rangi nyepesi na kwa kupaka msingi. Nyeusi jitengenezee: vijiko viwili vikubwa vya unga wa mkaa uliochekechwa kwa kitambaa cha nailoni, kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, kijiko kimoja cha maji. Kuchekecha mkaa ni kazi yako na ufanyie nje, vumbi lake si la kifua cha mtoto.

Gundi ya karatasi pika mwenyewe. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa muhogo katika robo kikombe cha maji baridi, umimine ndani ya kikombe kimoja cha maji yanayochemka, uendelee kukoroga kama dakika mbili hadi weupe utoweke na ianze kung'aa. Tia kijiko cha chai cha chumvi. Hukaa siku tatu hivi; ikianza kunuka uchachu, itupe. Mabonge hutokea unga mkavu unapotiwa moja kwa moja kwenye maji ya moto.

Sasa wasanii. Kabla ya yeyote mwenye jina, anza na wasio na jina, kwa kuwa wako jirani yako. Kwenye miamba ya Nyero, wilayani Kumi, kuna michoro ya kale ya duara ndani ya duara ndani ya duara, mingi kwa rangi nyekundu, na mingine kwa rangi nyeupe. Hakuna ajuaye jina la mchoraji hata mmoja. Usiwaambie watoto chochote kuhusu Nyero. Watume wachimbe udongo mwekundu, chini ya ule wenye majani na mizizi, kikombe kimoja. Uanikwe hadi ukauke kabisa, utwangwe, uchekechwe. Vijiko viwili vikubwa vya udongo huo, kijiko kimoja cha kiini cha yai, kijiko kimoja cha maji: hiyo ni rangi. Wachore kwa kidole, bila brashi, kwenye jiwe lililooshwa au kwenye tofali. Kazi ni moja tu: duara tano, moja ndani ya nyingine, zisigusane.

Ni ngumu kuliko inavyosikika. Anayeanza na duara la nje hukosa nafasi katikati, na anayeanza na la ndani hugundua kwamba kosa dogo la kwanza linakua kila anapolizunguka. Waache wabishane juu ya hilo. Rangi ikikauka, ipanguse kwa kidole kikavu. Ikiacha vumbi kidoleni, kiini kilikuwa kidogo. Iking'aa na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka, kiini kilizidi. Tengeneza ya siku hiyo tu, maana yai likilala linanuka. Baada ya hapo, kama nauli ipo, nendeni Kumi mkaone miamba yenyewe. Kama haipo, picha kwenye simu itatosha, kwa sababu mikono yao imekwisha kuonja ile kazi.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaanza kuchora mwaka 1968 Dar es Salaam, na akafariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, na leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Kikwazo chake kilikuwa vifaa: mbao za dari zilizokatwa mraba wa kama sentimita 60, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi ile hukauka bapa, haichanganyiki kwa upole ubaoni kama rangi ya mafuta ya wasanii, kwa hiyo umbo moja kubwa la rangi moja lilifaa, na urembo ukaja juu yake kwa madoa na mistari.

Kwa wanao kata mraba wa sentimita 30 kutoka katoni ngumu. Paka msingi wa rangi nyeupe ya ukutani pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja, katoni itajikunja kama chapati. Ikikauka, mtoto apake rangi moja ya nyuma ubao mzima, ilale usiku. Kesho yake apake mnyama kwa rangi moja, bila kuanza kwa penseli, na mnyama huyo akaribie kugusa kingo nne. Kwa nini bila penseli? Kwa sababu akichora mstari kwanza atarudi kulekule kwa kujaza nafasi, na mnyama atakuwa mdogo katikati ya ubao kama mbuzi aliyepotea uwanjani. Siku ya tatu ndiyo ya madoa: kichwa cha kijiti cha kiberiti kwa doa dogo, kifuniko cha kalamu kwa doa la pete. Rangi ya madoa iwe nzito kama mtindi. Ikitiririka, maji yamezidi. Iache wazi saa moja inywee, au ongeza rangi.

Usikubali fundi akushawishi ununue ile rangi halisi ya kung'aa eti ili iwe sawasawa na ya Tingatinga. Inahitaji mafuta ya taa au tina kuisafisha, mvuke wake ni mbaya ndani ya nyumba, na baadhi ya rangi za aina hiyo zina risasi, madini ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Mwonyeshe kopo la baiskeli dukani, mwambie "alitumia hii," inatosha.

Kwa wa tatu, Hokusai wa Japani, ambaye picha zake zilichapwa kwa mbao, tutakawia kidogo, kwa sababu ndiye atakayemrudisha mkubwa wako mezani. Uchapaji, yaani kupaka ubao rangi na kuihamishia kwenye karatasi, hauhitaji kujua kuchora. Unahitaji subira, hesabu na mpangilio, na mtoto wa miaka 11 anayesema hajui kuchora mara nyingi ndiye mchapaji bora wa nyumba.

Anza na mlima wenu. Toka na watoto watatu, na kila mmoja auchore Wanale mara tatu kutoka sehemu tatu: kutoka dirishani, kutoka sokoni, kutoka nyuma ya kamba ya nguo. Michoro ya haraka, dakika tano kila mmoja, hata ikiwa mstari mmoja wa ukingo wa mlima na kitu kimoja mbele yake. Kati ya hiyo tisa, chagueni mmoja wenye maumbo makubwa.

Ubao wa kuchapia ni kile kibweta cheupe cha povu wanachofungia chipsi. Kioshe kwa sabuni na maji ya moto, maana penye mafuta rangi hukataa kushika. Kata sehemu iliyo bapa, sentimita 10 kwa 14. Mtoto abonyeze mchoro kwa kalamu iliyokwisha wino, hadi nusu ya unene. Asipobonyeza vya kutosha, mistari itajaa rangi na kupotea. Akitoboa, ubao utakatika katikati ya kazi. Kama kuna maandishi, yaandikwe kinyume, na hapa kila familia hukosea mara ya kwanza.

Rangi: kijiko kikubwa kimoja cha rangi ya shule, isiongezwe maji, pamoja na nusu kijiko cha chai cha glisirini ya kujipaka, ile ya duka la dawa. Rangi ya maji ikiwa peke yake hukauka kwenye ubao kabla karatasi haijafika, hasa mchana wa kiangazi, na ndiyo sababu ya chapa nyingi zenye mabaka. Glisirini huichelewesha. Ikizidi, chapa haitakauka hata kesho. Paka kwa kipande cha sponji ya godoro, kwa kugonga-gonga badala ya kufuta, hadi ubao uwe na ngozi nyembamba kama ya chungwa. Laza karatasi, sugua mgongo wake kwa tako la kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni, bandua kutoka kona moja.

Hiyo ni rangi moja. Utamu uko kwenye ya pili na ya tatu, kwa ubao uleule. Chapa karatasi zote kwa rangi nyepesi, tuseme njano. Osha ubao. Sasa bonyeza au kata sehemu zote zinazotakiwa kubaki njano, paka kijani, chapa juu ya karatasi zilezile. Osha, ondoa sehemu za kubaki kijani, paka buluu iliyotiwa mkaa kidogo, chapa tena. Kila hatua inaula ubao. Hakuna kurudi nyuma, na mwisho wa kazi hakuna ubao wa kuchapia nakala nyingine. Kwa hiyo anzeni na karatasi kumi ili mmalize na nne au tano nzuri. Ukianza na tatu, utamaliza na machozi.

Tatizo kubwa la hatua hii ni rangi ya pili kutokaa mahali pake. Dawa yake ni kipande cha katoni cha sentimita 30 kwa 40 kilichogundishwa kona mbili. Kona ya ndani, ya vipande viwili vya katoni nyembamba isiyozidi unene wa ubao, ni ya kusukumia ubao. Kona ya nje, mbali kidogo na ya kwanza, ni ya kusukumia karatasi. Kila mara ubao uingie kona yake, karatasi iingie kona yake. Weka alama ya msalaba nyuma ya ubao upande wa kona, na nyuma ya kila karatasi vilevile, kwa sababu mtoto akigeuza kimoja tu, mlima utaota angani. Na subiri rangi ya kwanza ikauke kweli, saa moja au zaidi siku za mvua. Rangi mbichi huvutwa na ubao na kuacha vipara.

Gawa kazi: mmoja achore, mmoja abonyeze, mmoja achape. Wa miaka 5 agonge sponji na kuning'iniza chapa kwenye kamba. Watagombana juu ya kazi ya nani hii. Vizuri sana. Sasa fungua simu uwaonyeshe Wimbi Kubwa la Hokusai.

Katsushika Hokusai, Mjapani, alizaliwa 1760 akafariki 1849. Wimbi lile ni la mwaka 1831 hivi, naye alikuwa mzee wa miaka 70. Limo katika mfululizo wa picha 36 za mlima mmoja, Fuji, uliotazamwa kutoka sehemu mbalimbali. Zilipendwa hadi zikaongezwa kumi, zikawa 46. Waulize watoto mlima uko wapi kwenye picha. Watautafuta, maana ni mdogo, umekaa chini ya wimbi kama wimbi jingine. Halafu waambie Hokusai alichora tu. Mwingine alichonga ubao, mwingine alichapa, na mchapishaji ndiye aliyetoa fedha na kuuza. Jina lililobaki ni la mchoraji. Ugomvi wao wa jana sasa una jina na una miaka karibu 200.

Ila usiishie Japani. Picha za Hokusai zilitumia ubao tofauti kwa kila rangi. Njia ya ubao mmoja unaoliwa hatua kwa hatua, ile waliyoifanya wanao, ndiyo inayotumiwa na mchapaji wa Uganda Fred Mutebi, anayechonga mbao kwa rangi nyingi namna hiyo. Weka kazi za wawili hawa pamoja umuulize mkubwa: nani anaweza kuchapa nakala zaidi akizihitaji mwakani? Atakujibu bila kusoma popote.

Henri Matisse ni mwepesi baada ya hapo. Mfaransa huyu, 1869 hadi 1954, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baadaye akawa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu. Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akakata kwa mkasi moja kwa moja, bila kuchora kwanza, wao wakazibandika ukutani huku akiwaelekeza. Kikwazo kwa wanao: kukaa kitini, hakuna kusimama, hakuna penseli. Siku ya kwanza wapake karatasi kumi na mbili, mbili kwa kila rangi kwa rangi sita, zikikauka zilazwe chini ya godoro usiku mmoja zinyooke. Siku ya pili wakate na kupanga sakafuni. Gundi ifungie kabatini. Mtoto akiiona atabandika kipande cha kwanza alichokata, na hapo mpangilio umekwisha kabla haujaanza. Siku ya tatu, baada ya kulala na kuuona tena asubuhi, ndipo mnabandika kwa ile gundi ya muhogo, kwa safu nyembamba. Safu nene huikunja karatasi.

Msanii wa tano ni El Anatsui, Mghana aliyezaliwa 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Huunganisha vifuniko na mikanda ya shingo za chupa za pombe, vya alumini, kwa waya wa shaba, hadi vikawa shuka kubwa zinazoning'inia ukutani kwa mikunjo kama kitenge. Vifuniko vya soda vya kwetu ni vya chuma, vigumu zaidi. Wewe ndiye uvipondeponde viwe bapa, juu ya gogo, kisha utoboe kwa msumari wa inchi mbili matundu manne, milimita 3 kutoka ukingoni, na upande wenye ncha za tundu upigwe nyundo kidogo ili usikwangue vidole. Waya uwe wa shaba laini kutoka kwenye nyaya chakavu za umeme, vipande vya sentimita 5.

Kabla hujaahidi shuka kubwa, piga hesabu na mtoto wa miaka 8. Mraba wa vifuniko 10 kwa 10 una viungo 180 na matundu 400. Mraba wa 6 kwa 6 una vifuniko 36, viungo 60 na matundu 144. Fanya wa 6 kwa 6. Wakikaza waya sana, shuka itakuwa ngumu kama mlango. Kila kiungo kiwe na nafasi ya kucheza. Wa miaka 5 asiguse vyuma hivi. Yeye akunje shanga za karatasi kama zile anazozitumia msanii wa Uganda aitwaye Sanaa Gateja katika kazi zake: pembetatu ndefu ya karatasi ya kalenda, kitako sentimita 2 na nusu, urefu sentimita 30, ikizungushwa kwenye kijiti kuanzia kitakoni na kufungwa ncha kwa gundi.

Wa sita, Georges Seurat, tusimkawize. Alikuwa Mfaransa wa madoa, na picha yake kubwa ya watu mapumzikoni kando ya mto, 1884 hadi 1886, ina upana wa mita tatu hivi. Kosa la kawaida ni kumpa mtoto ukurasa mzima. Mpe karatasi ya sentimita 7 kwa 10, embe moja, madoa ya njano na mekundu yaliyo jirani bila kuchanganywa, halafu aitazame kutoka mita tatu. Siku moja inatosha.

Kuhusu kuonyesha picha kwenye simu: simu huifanya kila kazi kuwa na ukubwa wa kiganja, na huo ni uongo. Kabla ya kuifungua, chora ukubwa halisi kwa chaki. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53, inatosha mlangoni. Wimbi la Hokusai ni kama sentimita 25 kwa 37, karibu na daftari lililofunguliwa. Picha ya konokono ya Matisse ya 1953, iliyoko London, ina karibu mita 2.87 kila upande. Hiyo ichorwe uani, na watoto wasimame ndani yake.

Kuhusu maisha ya wasanii, sentensi tatu au nne zinatosha, baada ya kazi. Sikio la Van Gogh, alilojikata mwenyewe, liache hadi mtoto awe na miaka kumi au aulize mwenyewe. Likitajwa mapema, ndilo pekee litakalokumbukwa. Kinachosaidia zaidi ni kamba ya miaka. Funga kamba ya mita tatu ukutani, mwaka 1750 uwe sifuri, sentimita moja kwa kila mwaka. Hokusai anazaliwa kwenye sentimita 10, Van Gogh 103, Matisse 119, Tingatinga 182. Bandika pia kuzaliwa kwa bibi yao, na kwao wenyewe. Mtoto wa miaka 8 akiona bibi na Tingatinga wako karibu kwenye kamba, ataanza kumuuliza bibi maswali.

Umeuliza wasanii gani, hukuuliza kama uwasahihishe, lakini ndilo litakalofuata. Usishike brashi ya mtoto wala kugusa kazi yake. Ukitaka kuonyesha kitu, kionyeshe kwenye karatasi yako. Badala ya "nzuri sana," uliza ulianzia wapi, palikushinda wapi, ukirudia ungebadili nini. Muda nao: dakika 20 hadi 25 kwa mdogo, saa nzima kwa mkubwa, na mdogo akiondoka katikati mwache aende.

Mkifika Kampala, pitieni sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962, kazi ya Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyefundisha Makerere: mama anamwinua mtoto juu, na mtoto ameinua mikono. Kabla ya kutoka nyumbani, kila mtoto aifinyange kwa udongo wa mfinyanzi, kimo cha sentimita 15. Mikono iliyoinuliwa itaanguka, kila mara. Wape waya, wafinyange tena juu yake. Wakifika mbele ya sanamu watakuwa na swali tayari kuhusu kilichomo ndani.

Jambo la mwisho ni la kabati. Kila kazi iandikwe nyuma kwa penseli, jina na tarehe, kabla haijakauka na kusahaulika. Zilizobandikwa kwa gundi ya muhogo zisirundikwe chini ya kitanda: mende na panya hula ile gundi, na karatasi huenda pamoja nayo. Zining'inize kwa vibanio vya nguo, au ziweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zikiwa zimekauka siku mbili kamili. Zikifungwa na unyevu, Mbale kwenu msimu wa mvua, zitaota ukungu ndani ya wiki.